Kutoka Ubalozini Hadi Chuoni: Jibu kwa Anayetaka Kutafiti Siasa za China

Swali la msomaji: "Nimetumikia Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa ubalozini Beijing. Nimestaafu mapema. Nataka kusomea shahada ya uzamivu juu ya siasa za China na uhusiano wake na dunia. Nina madaftari tele na watu wengi ninaofahamiana nao kule. Lakini mhadhiri mmoja amenieleza wazi kwamba wanadiplomasia wastaafu huandika kumbukumbu, si utafiti, na kwamba nitaonekana msemaji wa serikali tu. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi?"

Dada yangu, inawezekana, na huku kwetu watu kama wewe tunawahitaji kuliko wengi wanavyokubali. Hata hivyo onyo ulilopewa lina ukweli ndani yake, na ni afadhali ulisikie sasa kuliko kulisikia siku ya kutetea tasnifu. Ulichobeba kutoka Beijing kitakupa maswali ambayo kijana aliyetoka shahada ya pili hawezi hata kuyawaza. Majibu yake itabidi uyatafute upya, tena mahali ambapo mtu mwingine anaweza kufuata nyayo zako akakagua. Karibu yote nitakayokuambia yanatokana na hilo.

Usijione mgeni katika taaluma hii. Katika vyuo vya Ulaya, masomo ya China yalianzishwa kwa sehemu kubwa na wamisionari na maofisa wa ubalozi. Thomas Wade, aliyekuwa mjumbe wa Uingereza Beijing hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, ndiye aliyekuwa profesa wa kwanza wa Kichina pale Cambridge, mwaka 1888. Aliyemrithi mwaka 1897, Herbert Giles, alikuwa ametumikia ofisi za konseli katika miji ya China kwa robo karne. Mfumo unaobeba majina yao wawili, wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, ulitumika kwa karibu karne nzima. Lakini hawa walikuwa maofisa wa dola iliyofungua bandari za China kwa mizinga. Waliijua China kama nchi ya kubanwa na kudaiwa. Nakutajia hili kwa sababu udhaifu huo haukufa na ukoloni: kila ubalozi, hata wetu, huitazama China kupitia kile serikali yake inachokitaka huko. Ukiomba reli, utaiona China ya reli. Ukiuza ufuta na parachichi, utaiona China ya forodha na karantini.

Katika watu wa karibuni, ningependa uwatazame watatu, kwa kuwa kila mmoja alivuka kwa njia yake.

Wa kwanza ni Stephen FitzGerald wa Australia. Aliingia wizara ya mambo ya nje ya nchi yake mwaka 1961, akapelekwa kusoma Kichina, kisha mwaka 1966 akajiuzulu kwa kupinga vita vya Vietnam. Alikwenda Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, akaandika tasnifu juu ya sera ya Beijing kwa Wachina waishio ng'ambo. Iangalie mada hiyo vizuri. Hakuandika juu ya "China na dunia" kwa jumla. Alichagua sera moja, yenye ofisi zake, matamko yake na mabadiliko yake kuanzia 1949, kitu kinachoweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka katika maandishi. Mwaka 1971 alifuatana na Gough Whitlam, kiongozi wa upinzani wakati huo, katika safari ya Beijing, na Whitlam aliposhika serikali alimteua kuwa balozi wa kwanza wa Australia katika Jamhuri ya Watu wa China. Alikuwa na umri wa miaka 34. Kwa hiyo mlango huu unafunguka pande zote mbili, na kilichomfanya afae kurudi ubalozini ni kwamba alikuwa amesoma kwa kina akiwa nje yake.

Wa pili ni Kerry Brown, Mwingereza. Kabla ya diplomasia alifundisha Hohhot, mji mkuu wa Mongolia ya Ndani, katikati ya miaka ya 1990. Aliingia wizara ya mambo ya nje mwaka 1998, akawa katibu wa kwanza ubalozini Beijing kuanzia 2000 hadi 2003, akaondoka serikalini mwaka 2005. Baadaye aliongoza kituo cha masomo ya China katika Chuo Kikuu cha Sydney, na tangu 2015 ni profesa wa masomo ya China katika King's College London, anakoongoza Taasisi ya Lau ya masomo ya China. Leo anafahamika zaidi kwa maandishi yake juu ya marais wa China Hu Jintao na Xi Jinping. Lakini tasnifu yake, aliyoifanyia Chuo Kikuu cha Leeds, ilihusu msako wa kisiasa uliofanyika Mongolia ya Ndani wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1967 na 1969. Hakuna ofisa wa ubalozi anayepewa siri za jambo la namna hiyo kwenye karamu. Ilimbidi akae na maandishi ya wakati ule, ajue namna chama kinavyomtuhumu mtu, kinavyomhukumu na kinavyomsafisha baadaye. Naamini mazoezi hayo, kuliko miaka yake ya ubalozi, ndiyo yaliyomwezesha kuandika juu ya viongozi wa leo bila kuishia kwenye uvumi.

Wa tatu ni David Shinn, Mmarekani aliyetumikia diplomasia kwa miaka 37. Nairobi na Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vyake, na alikuwa balozi Burkina Faso, halafu Ethiopia hadi 1999. Alipostaafu alianza kufundisha Chuo Kikuu cha George Washington. Yeye utaalamu wake ulikuwa Afrika. Alipotaka kuandika juu ya China na Afrika alishirikiana na Joshua Eisenman, mtaalamu wa siasa za China, na kazi yao kubwa ya mwaka 2012 inapita bara zima nchi kwa nchi. Wengi wetu tunaona aibu kukiri kwamba upande mmoja wa somo hatuumudu. Shinn alitafuta mwenzake anayeumudu. Kama Kichina chako ni cha kuagiza chakula na kusalimiana, fikiria sana mfano huu.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe, ambalo ndilo linalowaangusha wengi waliotoka mahali ulipotoka.

Ofisa wa ubalozi wa Kiafrika Beijing hukutana na nani? Kwa sehemu kubwa, na idara ya Afrika ya Wizara ya Mambo ya Nje ya China. Ni watu wastaarabu, wengi wanajua historia yetu vizuri ajabu, na baadhi wanazungumza Kiswahili safi. Baada ya miaka kadhaa ya mikutano hiyo mtu huanza kuamini kwamba ameuona moyo wa serikali. Lakini katika mfumo wa Chama cha Kikomunisti, wizara hiyo hutekeleza zaidi kuliko inavyoamua. Mambo makubwa ya nje huamuliwa katika Tume Kuu ya Mambo ya Nje ya Kamati Kuu ya Chama, ambayo mwaka 2018 ilipandishwa hadhi kutoka kikundi cha uongozi na ambayo mwenyekiti wake ni Xi Jinping mwenyewe. Mikopo ya miradi iko Benki ya Exim ya China na Benki ya Maendeleo ya China, zote zilizoundwa 1994. Misaada kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Wizara ya Biashara, na tangu 2018 kuna wakala wa ushirikiano wa maendeleo wa kimataifa juu yake. Kisha zipo kampuni za ujenzi za dola, nyingine za serikali kuu na nyingine za majimbo, ambazo mara nyingi ndizo zinazoubuni mradi kabla Beijing haijausikia.

Ukitaka kuona nafasi halisi ya wizara ile, soma kisa cha Qin Gang. Aliteuliwa waziri wa mambo ya nje mwishoni mwa Desemba 2022. Mara ya mwisho kuonekana hadharani ilikuwa tarehe 25 Juni 2023, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Julai, aliondolewa, na Wang Yi aliyemtangulia akarudishwa. Sababu haikutangazwa. Siku zile Beijing nzima ilijaa minong'ono. Mtu aliyekuwa na namba ya simu ya mwandani wa waziri hakuwa na faida yoyote juu ya mtu aliyekaa maktaba. Pengine aliyekaa maktaba alimzidi, kwa kuwa alijua kwamba Wang Yi, akiwa katika Ofisi ya Siasa (Politburo) ya Chama na akiongoza ofisi ya ile Tume Kuu, alikuwa tayari juu ya waziri kimadaraka. Kurudi kwake wizarani kulishangaza waliokuwa wakifuata vyeo vya serikali bila kutazama vya Chama.

Na kuna njia nyingine ambayo aghalabu hupita pembeni ya ubalozi kabisa, yaani uhusiano wa chama na chama. Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha China ina idara yake ya uhusiano wa kimataifa tangu 1951. Hiyo ndiyo inayoshughulika na CCM, ANC, SWAPO, FRELIMO, MPLA na ZANU-PF, vyama sita vinavyomiliki pamoja Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kibaha, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Februari 2022. Wewe mwenyewe jiulize: katika madaftari yako, idara ile imetajwa mara ngapi? Kama ni mara chache, basi umegundua jambo la kitaaluma tayari. Umegundua kwamba dirisha ulilopewa lilikuwa upande mmoja wa nyumba.

Ndiyo maana nakuomba uyasome upya madaftari yako, kalamu mkononi, kwa swali moja: huyu aliyeniambia haya, alikuwa na njia gani ya kuyajua? Kama alikuwepo mezani, weka alama. Kama alisikia kwa mkubwa wake, weka alama tofauti. Kama alikuwa anarudia kilichoandikwa Gazeti la Umma la Beijing (People's Daily), gazeti la Chama, wiki ile, nenda kalitafute gazeti lenyewe na umwache yeye. Utashangaa ni kiasi gani cha "taarifa za ndani" kilikuwa kimechapishwa hadharani.

Mfano wa karibu na nyumbani utaonyesha kwa nini nakaza hivi. Mwishoni mwa 2018 zilienea habari kwamba Kenya imeweka rehani Bandari ya Mombasa kwa mkopo wa reli ya SGR. Chanzo kilikuwa barua ya ukaguzi kutoka ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Habari hiyo ilirudiwa na wabunge, magazeti, na wanadiplomasia wa nchi nyingi, kila mmoja akimnukuu mwenzake hadi ikawa kama jambo lililothibitishwa. Mwaka 2022 Deborah Brautigam na wenzake wa Johns Hopkins walikaa na maandishi ya mikataba yenyewe wakafuata kifungu kwa kifungu nani ni mkopaji, nani ni mdhamini, na kinga ya kidola iliondolewa juu ya nini. Walihitimisha kwamba bandari haikuwa dhamana ya mkopo. Mwaka huohuo, Novemba, serikali mpya ya Kenya ilitoa hadharani sehemu ya mikataba ya SGR. Unaweza kuukosoa mradi ule kwa mengi, na Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 2020 ilisema ununuzi wake ulikiuka sheria, ingawa Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo mwaka 2023. Lakini ukosoaji huo unasimama juu ya karatasi. Uvumi wa rehani ulisimama juu ya watu wenye vyeo walioambizana. Wewe unatoka katika ulimwengu ambamo neno la mwenye cheo ni ushahidi, na unaingia katika ulimwengu ambamo si ushahidi. Hilo ndilo badiliko gumu kuliko yote, gumu kuliko nadharia za uhusiano wa kimataifa ambazo najua zinakutisha. Nadharia utazisoma kwa mwaka mmoja.

Juu ya siri nitasema kwa ufupi na kwa uzito. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikuacha kukuhusu siku ulipokabidhi kitambulisho. Nyaraka za serikali ulizobaki nazo nyumbani, kama zipo, zirudishe. Usizitumie hata kwa kificho, kwa sababu kazi inayotegemea karatasi ambayo msomaji hawezi kuiona ina kasoro ya kitaaluma kabla hata hujafika kwenye ya kisheria. Andika wizarani uombe mwongozo, utunze majibu. Na wale maofisa wa Kichina waliokuamini wakazungumza nawe wakiwa kazini, walizungumza na ubalozi. Hawakukubali kuwa watu wa utafiti. Ukitaka maneno yao, waombe upya, kwa jina lako jipya la mtafiti, ukieleza yatatumikaje. Wengine watakataa. Hata hivyo ndani ya China ya leo kumhoji mtu ovyo kunaweza kumletea yeye madhara makubwa kuliko utakayoyapata wewe, na hilo liwe mbele ya faida yoyote ya tasnifu.

Basi ushahidi utatoka wapi? Hapa pana uchungu kidogo. Hifadhi ya nyaraka ya Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2004, na kwa miaka michache watu walisoma humo mengi ya kipindi cha 1949 hadi 1965. Kuanzia 2012 ilifungwa, na iliporudi ilirudi na sehemu ndogo tu. Mwaka 2023 hata hazina kubwa ya kielektroniki ya machapisho ya Kichina, CNKI, iliwawekea watumiaji wa nje mipaka katika tasnifu na aina nyingine za maandishi. Kwa hiyo anayetafiti siasa za China siku hizi amerudi kwenye ujuzi wa zamani: kusoma maandishi rasmi kwa subira. Chama hicho huandika kwa misemo iliyopangwa, na msemo ukihamishwa nafasi au ukiachwa, kuna jambo. Kimepitisha maazimio matatu tu juu ya historia yake, 1945, 1981 na 2021. Ukiyaweka ya 1981 na 2021 kando kwa kando, ukahesabu nafasi anayopewa kila kiongozi, utajifunza juu ya mamlaka ya Xi kuliko utakavyojifunza katika karamu zote za Siku ya Taifa. Kwa hili Kichina cha kusoma hakina mbadala. Kama hukipati, mtafute mwenzako kama alivyofanya Shinn, na useme wazi kwenye andiko lako nani alisoma nini.

Upande wa pili wa ushahidi uko kwetu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. China ilianza kutusoma mapema. Kiswahili kilikuwa kinafundishwa Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang, katika mji wa Jinhua, kina taasisi nzima ya masomo ya Afrika tangu 2007. Wanadiplomasia wao wakistaafu hualikwa vyuoni kufundisha. Wa kwetu wakistaafu tunawapa cheti na mlo wa mchana, na wanayoyajua yanazikwa nao. Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na ziko Dar es Salaam na Dodoma pia. Hizo, hata zikifanya kazi njema, zinafundisha lugha kwa mpango wa upande wa pili. Utafiti wetu wenyewe juu ya namna China inavyotawaliwa hauwezi kuachiwa taasisi ya nchi inayotafitiwa, wala hauwezi kuagizwa wote kutoka London na Washington, kwa kuwa maswali ya kule ni ya kule. Wao huuliza China itaipiku Marekani lini. Sisi tunahitaji kujua nani hasa, katika ofisi ipi, anaweza kuahirisha deni.

Kwa hiyo kama ni mimi wa kuchagua, ningekushauri uchague swali lililo na miguu pande zote mbili. Reli ya TAZARA bado ni mgodi. Mkataba ulisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967 baada ya nchi za Magharibi kukataa kufadhili. Kilomita 1,860 zilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa mkopo usio na riba. Mwanahistoria Jamie Monson aliandika historia ya watu wanaoishi kando ya reli ile akitumia, pamoja na mengine, kumbukumbu za vifurushi vilivyosafirishwa stesheni kwa stesheni. Uone jinsi karatasi nyonge inavyoweza kubeba historia. Lakini meza ya mazungumzo, yaani nani wa Tanzania, Zambia na China aliomba nini na nani alikubali nini, ina nafasi kubwa kwa mtu anayejua taarifa ya ubalozi inavyoandikwa na inavyoficha. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa Dar es Salaam ina utaratibu wa kufungua nyaraka baada ya miaka 30. Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, zipo taarifa za maofisa wa Uingereza waliokuwa wakiichungulia reli hiyo kwa wasiwasi mkubwa. Kumbuka tu kwamba Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, ukarejea 1968. Kwa hiyo mkataba wenyewe uliangukia kipindi ambacho London haikuwa na ubalozi wake Dar, na macho yake yalikuwa ya kuazima. Na jambo lenyewe si la makumbusho: Septemba 2024, Beijing, Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Mtu akilinganisha mazungumzo ya 1967 na ya 2024, ofisi kwa ofisi, upande wa Beijing, atakuwa ameandika juu ya mabadiliko ya dola ya China yenyewe, kwa ushahidi ambao wengi hawana.

Swali la pili linalofaa ni lile la Kibaha: uhusiano wa vyama unafanya kazi vipi, na unaziacha wizara za mambo ya nje katika hali gani? Ni gumu zaidi kwa sababu wahusika wako hai na wako madarakani. Ukilichagua, jiandae kukataliwa mahojiano hata na watu uliokula nao.

Mada ambayo ningekukataza ni "diplomasia ya China barani Afrika". Naiona kila mwaka kwenye maombi. Haina mwanzo wala mwisho, na mwenye uzoefu kama wako ataijaza kwa maoni. Hata takwimu zilizopo, kama zile za Chuo Kikuu cha Boston zinazoonyesha mikopo ya takriban dola bilioni 182 kwa Afrika kati ya 2000 na 2023, hazisemi lolote mpaka uziulize jambo dogo na la wazi.

Kuhusu kuonekana msemaji wa serikali: wasiwasi huo hautaondoka kwa kujitetea. Utaondoka pale utakapochapisha jambo ambalo wizara yako ya zamani isingependa kulisikia, na lingine ambalo wakosoaji wake wasingependa kulisikia, yote mawili kwa kuwa ushahidi ulikwenda huko. Eleza katika utangulizi wa kila kazi ulitumikia wapi na lini. Fedha nazo ziseme wazi. Ufadhili wa serikali ya China kwa wanafunzi wa Kiafrika umewasomesha watu wazuri sana, na sioni aibu kuupokea. Nakuomba tu uwe umeshaandika swali lako kabla ya kuomba, na kama mfadhili yeyote, wa Beijing au wa Magharibi, akitaka swali libadilike ili alipe, mwache. Katika kuchagua chuo, tazama msimamizi kuliko jina la chuo. Tafuta anayesoma Kichina, aliyewahi kuhangaika katika hifadhi za nyaraka, na asiyevutiwa na cheo chako cha zamani. Anayekuita Mheshimiwa kila mara hatathubutu kukurudishia sura iliyojaa makosa.

Na kabla ya kuomba chuo chochote, kuna kazi moja haisubiri. Watu waliokuwa Beijing na New York miaka ya mwanzo wanazidi kupungua. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura, 76 kwa 35, kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, mwakilishi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa hajafika miaka 30, na chuo cha diplomasia pale Kurasini sasa kinabeba jina lake. Nyuma yake walikuwapo makatibu, wakalimani, wapiga chapa na waambata wa biashara ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Wewe unawajua, au unajua watoto wao. Waendee, wakuzungumzie kwa muda wanaoutaka wao, kwa kinasa sauti na kwa ruhusa iliyoandikwa na kusainiwa. Waulize walichokiona kwa macho kwanza, na walichosikia baadaye. Andika tarehe ya kila kikao na nani mwingine alikuwapo chumbani. Nakala moja ya sauti ibaki kwa familia, moja kwako, na moja uiombee nafasi katika maktaba ya chuo kikuu, ili atakayekuja kukupinga apate cha kusikiliza.